Hadithi ya Kutisha Katika Chumba cha Pamba

Nimekisoma tena kile kitabu, chote, na sikuogopa mpaka ukurasa wa mwisho. Nilikikuta kwa kijana anayetandaza vitabu vya mitumba pembeni ya soko la Bariadi, katikati ya kamusi zisizo na majalada na vitabu vya hesabu vya shule za msingi. Picha ya juu niliitambua kabla sijavaa miwani: msichana wa shule anakimbia, na nyuma yake mkono wenye kucha ndefu unataka kumshika sketi. Kijana akaniuliza, "Bibi, unamnunulia mjukuu?" Nikamwambia, "Namnunulia mwenye hela." Jina la kitabu silitaji, wala la aliyekiandika. Huenda yupo hai na ana wajukuu, na mimi sina ugomvi na wajukuu wa mtu. Lakini sababu ya kukitafuta nitaisema. Nilikuwa nimetoka Maswa kumzika Nkwimba, na Nkwimba ndiye aliyetusomea kitabu hicho, au niseme aliyetusomea nusu yake na kututungia nusu, mwaka ule tuliochuma pamba Sapiwi. Pale msibani watu walisimama mmoja mmoja wakaeleza wema wake. Ilipofika zamu yangu nikasema alikuwa rafiki yangu, nikakaa. Yaliyobaki hayakuwa ya kusemwa mbele ya jeneza.

Watu wa hapa mjini wananijua kwa nyumba ya wageni na mashine ya kukoboa mpunga. Wachache wanajua kwamba chini ya kaunta ya mapokezi nina boksi limejaa vitabu vya majini, maiti zinazotembea na wanafunzi wa bweni wanaopotea mmoja mmoja. Mgeni akichelewa kuja, mimi nasoma. Mjukuu wangu wa kike anayesoma chuo alilifungua boksi akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, hivi si vya madogo wa sekondari?" Nikamwambia, "Wewe unayesoma vizito, nionyeshe ulichojenga." Mimi niliishia darasa la nne. Ukoo wangu hauhusiki hapa, na sababu za kuacha shule ni zile zile za wasichana wengi wa wakati ule, sina haja ya kuzililia. Kusoma hasa nilijifunza kwenye vitabu vya kutisha, kwa sababu mtu mwenye woga hawezi kuacha neno katikati. Lazima ajue nani yuko nyuma ya mlango. Na ninachokipenda mpaka leo ni kwamba hofu ya kitabu ukiifunga inafungika. Nimeishi na hofu za aina nyingine, na hazina jalada.

Mwaka ule nilikuwa kama na miaka kumi na mitano. Tulikuwa wasichana wachache tuliokwenda kufanya kazi kwa Bibi Milembe, mjane mwenye shamba la pamba na mwana mmoja tu aliyekuwa akifanya biashara Nyashimo. Malipo yalikuwa chakula, mahali pa kulala, na kitenge kila mmoja pamba ikishauzwa. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi, vyumba viwili. Kimoja alilala yeye na mbuzi wake wa kahawia mwenye pembe moja. Kingine kilikuwa cha pamba. Ilikuwa ikirundikwa humo kadiri tulivyochuma, ikapanda ukutani mpaka karibu na paa, na sisi tukalala chini yake kama vifaranga. Hakuna godoro nililonunua maishani lililofikia ule ulaini, na nimenunua mengi kwa ajili ya wageni. Asubuhi tulikunywa uji, tukala na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga. Jioni ulikuwa ugali wa mtama na mlenda. Bibi hakula na sisi. Alikaa mlangoni akatutazama tunavyokula, kila mtu akimaliza anamwambia, "Ongeza, mayu," mayu yaani mama, kama wazee wetu wanavyowaita hata wasichana wadogo. Nilikuwa sijawahi kuambiwa niongeze.

Pamba haiuzwi kama ilivyochumwa. Lazima ichambuliwe, nyeupe iwe mbali, hiyo ndiyo safi, na ile ya njano iliyoliwa na wadudu iwe mbali, hiyo ndiyo fifi. Ukichanganya, karani wa chama cha ushirika anakurudishia gunia mbele za watu. Basi mchana jua likiwa kali tulikaa katika chumba kile tukachambua, na akina mama wa jirani walikuja kusaidia, leo kwa huyu kesho kwa yule. Kazi ile inalaza. Ndipo Nkwimba, aliyekuwa amemaliza la saba, alipotoa kile kitabu alichopewa na binamu yake, na sote tukakubaliana: anayesoma hachambui. Fungu lake tulimchambulia sisi. Hadithi ilikuwa ya shule moja ya bweni ambako wanafunzi wanapotea, na nyuma ya shule anakaa mwanamke mzee peke yake. Nkwimba alikuwa na sauti. Alipofika mahali pa kugonga mlango aligonga ubao wa dirisha, na akina mama wazima walirukiana mapajani. "We Nkwimba, utaniua na mimba yangu!" "Funga hicho kitu." "Usifunge! Nani kagonga?" Tulicheka mpaka pamba ikatuingia mdomoni. Katika vitabu vyote nilivyosoma baadaye natafuta mchana ule, na sijaupata. Kusoma peke yako ni kuogopa peke yako.

Shida ilikuwa moja. Kitabu kilikuwa hakina mwisho. Mchwa walikuwa wamekula kurasa za nyuma, na Nkwimba alipoona zinakaribia kuisha, na kuchambua hakutaka, alianza kuirefusha. Nilikuwa nikikaa ubavuni kwake nikichungulia, nasoma pole pole kwa midomo, na nikaona kwamba maneno anayotoa hayapo. Yule mwanamke wa kitabuni alimvalisha bangili ya shaba mguu wa kushoto, kama ya Bibi Milembe. Akampa mbuzi wa kahawia mwenye pembe moja. Nilimkanyaga mguu, akanikonyeza. Ulikuwa utani, na kila mtu chumbani alionekana kuujua. Bibi mwenyewe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia pamba tu, alisikia mbuzi akitajwa akacheka na sisi, akauliza kwa Kisukuma, "Na mbuzi wangu naye amesoma shule?" Sote hoi. Lakini akina mama walikwenda kwao wakasimulia, na waliosimuliwa hawakuwepo kwenye kicheko. Waliopokea walipokea kwamba kuna kitabu, kimepigwa chapa, na ndani yake yumo mwanamke mzee mwenye bangili ya shaba na mbuzi wa pembe moja.

Ni lazima mtu aelewe karatasi ilikuwa nini kwetu. Karatasi iliyokuja kijijini kwa chapa ilikuwa ya kodi, au ya bei ya pamba, au ya kumwita mtu bomani. Hakuna aliyewahi kuona karatasi inayotania. Iliyochapwa ilikuwa imetoka juu, na ya juu haibishiwi. Kwa hiyo mtoto wa Mama Shija alipokufa, na Mama Shija ni jirani aliyekuwa akija na mtoto huyo mgongoni kuchambua na sisi, mtoto akipewa michembe na Bibi kama tulivyopewa wote, watu hawakusema homa. Nilikuwa kisimani nikawasikia wanawake wawili upande wa pili wa kichaka. Mmoja akasema, "Alikula kwake." Mwingine, "Na yale macho." Wa kwanza tena, "Macho ni zamani. Sasa hata kitabu kimemtaja." Mama Shija simlaumu, wakati ule wala leo. Mtu aliyefiwa anashika chochote kilicho karibu. Waliomkabidhi cha kushika ndio wa kuulizwa.

Maana macho ya Bibi Milembe yalikuwa mekundu kweli, na kwetu bibi mwenye macho mekundu huitwa mchawi. Kwetu miti ni michache. Tunapika kwa miti ya pamba iliyokauka na kinyesi cha ng'ombe, na mwanamke aliyepika hivyo tangu usichana wake hadi uzee, macho yake huwa hivyo. Kila mtu alilijua hilo kwa mama yake mwenyewe. Kwa mama wa mwenzake alilisahau. Msimu uliotangulia, kijiji cha jirani, bibi mmoja alikatwa mapanga mlangoni kwake, na kilichosemwa ni macho tu. Kwa hiyo kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji, mzee Luhende, alipotangaza kwamba shauri la Milembe litasikilizwa asubuhi mbele ya ghala la chama na kitabu kiletwe, sikuhitaji kuelezwa tunacheza na nini. Wapo waliosema ahame. Wapo ambao hawakusema kitu, na hao ndio niliowaogopa. Nkwimba alikusanya nguo zake. Nikamwambia, "Njoo useme ulikuwa unatania." Akasema, "Watanigeukia mimi, Kabula. Watasema tumetumwa." Akapanda lori la pamba akaenda kwa shangazi yake Maswa. Kitabu alikiacha juu ya pamba.

Asubuhi ile wanaume walikaa upande mmoja na pinde zao, wanawake upande mwingine. Bibi Milembe walimkalisha katikati, chini, peke yake. Alikuwa amevaa kanga yake nzuri. Aliwasalimia wote, "Mwangaluka," na walioitika hawakujaa kiganja. Luhende alimpa kitabu karani wa pamba, mtu wa kuja, aliyeletwa na kazi kutoka mkoa mwingine. Karani alikitazama kama mtu aliyepewa nyoka. "Mzee, mimi nimeletwa hapa kupima pamba," alisema, "sikuletwa kupima wachawi." Akakiweka juu ya mzani akaingia ghalani. Mwalimu alikuwa likizo. Luhende akauliza nani mwingine anajua kusoma, nikasimama. Mtu mmoja akapiga kelele, "Huyo wa darasa la nne?" Nikamjibu, "Wewe wa la ngapi?" Wakacheka kidogo. Luhende akanyoosha mkono. "Binti, usiongeze, usipunguze. Serikali ikiandika, sisi ni nani? Soma panapomtaja huyo mwanamke."

Nilifungua. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, jasho linanitoka kwapani. Nilisoma kwamba nyuma ya shule aliishi mwanamke mzee. Nilisoma kwamba hakuna aliyejua alikotoka. Jicho langu lilikuwa limeshatangulia, na hapo chini niliona sentensi ambayo Nkwimba hakuitunga, iliyokuwa imechapwa kweli, nyeusi: *Alikuwa na macho mekundu kama makaa yaliyopulizwa.* Nilikuwa nimesimama pale ili wote wasikie kilichomo kitabuni, nimwokoe kwa ukweli, na ukweli ndio huo. Niliuruka mstari ule. Niliishusha sauti yangu mstari wa chini nikaendelea: "Alikuwa na nyumba kubwa ya bati, yenye madirisha ya vioo, na mbwa wawili weusi." Mtu akasema, "Bati?" Mwanamke mmoja akaguna, "Milembe na bati wapi na wapi." "Hata choo chake kimeanguka," akasema mwingine, na kicheko kikapita kwa wanawake, kikaruka kwa wanaume. Luhende akauliza, "Bangili?" Nikasema haipo. "Mbuzi?" Hayupo. "Pembe?" Mzee, hayupo mbuzi, pembe itatoka wapi? Nikampa kitabu akitazame. Alikigeuza huku na huku, akanirudishia. Akasema huyo ni mwingine, wa mbali huko, kwa wenye mabati, na Milembe aende nyumbani kwake. Sijawahi kujutia mstari ule. Nimesimama mbele ya maofisa wa kodi na mawakili tangu hapo, na kila mara najua ni mstari gani wa kuruka.

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia hapo. Aliachiwa, na hakuna aliyemgusa. Lakini kesho yake akina mama hawakuja kuchambua. Wasichana wenzangu walipata kazi nyumba nyingine, mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake nzuri. Bibi alipika kama kawaida, chungu kile kile cha watu wengi, akaweka mlangoni. Watoto waliokuwa wakipita njia ile walianza kuzungukia kwenye mashamba. Nilikula mimi, nikala mpaka tumbo likauma, na bado ugali ulibaki ukakauka juu. "Ongeza, mayu," aliniambia, na nikaongeza. Alikuwa hafai kuuawa, hilo walikubali. Kuliwa chakula chake, hapana. Hukumu ile haikusomwa na mtu yeyote, ndiyo maana hakukuwa na wa kuibishia. Mwisho mwanawe alituma neno kutoka Nyashimo kwamba atakuja na mkokoteni wa ng'ombe kumchukua. Alipofika huko hakudumu. Nilisikia habari za kifo chake sokoni, kwa mtu aliyekuwa akiuza dagaa, katikati ya maongezi mengine.

Na Nkwimba? Aliolewa Maswa, akazaa, akawa mzee wa kanisa mwenye sauti ile ile. Tulitembeleana miaka yote. Nilikula kwake, alilala kwangu bure. Kitabu hatukukitaja hata mara moja. Wakati mwingine alinikuta nasoma kimojawapo cha boksi langu, akaangalia pembeni, akauliza bei ya mpunga. Nilidhani ipo siku tutalisema. Alipougua nilikwenda, nikakaa kando ya kitanda, akanishika mkono akasema, "Kabula, wewe hukuogopa," nikamwambia alale. Ndiyo maana baada ya mazishi nilitafuta kitabu, nikapata hiki chenye kurasa zote, nikasoma mwisho ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuusikia. Ni kitabu dhaifu, nasema kama msomaji mzoefu. Mbwa ni wawili mwanzoni, mwishoni ni mmoja, na msichana wa jaladani hakimbii popote ndani. Sikupata baridi ya mgongoni hadi ukurasa wa mwisho. Wanakijiji wanaizingira nyumba ya bati, wanaichoma yule mwanamke akiwa ndani, na wanafunzi wanaimba. Msichana anafaulu mtihani. Mwisho. Nilikiweka kwenye kaunta nikakaa bila kuwasha taa. Mchwa wale wa Sapiwi, Mungu awape maisha marefu. Kama kurasa zile zingekuwepo, Nkwimba angezisoma kwa sauti yake nzuri mbele ya watu wote wale, na kijiji kingepata mwisho wake kimechapwa tayari.

Alasiri ya kabla ya mkokoteni kuja, Bibi Milembe alikuwa jikoni akichemsha viazi vya safari. Vyombo vyake alikwisha kuvifunga, vilikuwa vichache. Aliniita, akaniambia kwa Kisukuma, "Kitabu kiko wapi?" Nikamwambia ninacho. "Nisomee. Nimesemwa nacho siku zote hizi, na sijui kinasema nini." Nikakaa kwenye kigoda nikasoma, kila kipande nikikigeuza Kisukuma. Alisikiliza huku akivunja miti ya pamba juu ya goti. Nilipofika kwa mwanamke wa nyuma ya shule alinisimamisha.

"Hana watoto huyo?"

"Hawajaandikwa."

"Maji anachotewa na nani?"

"Hawasemi, Bibi."

"Shule nzima ipo pale imejaa watoto wenye nguvu," alisema, "na hakuna hata mmoja wa kumchotea mzee maji." Akatikisa kichwa. "Haya, endelea. Na usiruke."

"Nimeruka wapi?"

"Mayu, usiniulize wapi. Nimechambua pamba tangu sijavunja ungo. Nakijua kidole kinachoruka fifi ili gunia lijae. Siku ile pale ghalani chako kiliruka. Soma."

Nikasoma. Kwa Kisukuma ilitoka mbaya zaidi kuliko ilivyoandikwa. Aliinama akapuliza moto, mara moja, mara ya pili, moshi ukamfunika kichwa chote, akainuka akijifuta macho kwa pindo la kanga. Nilingoja alie, au anilaani mimi na kitabu changu.

"Makaa yaliyopulizwa," alirudia pole pole. "Na aliyeyapuliza hajaandikwa?"

"Hajaandikwa."

"Basi aliyeandika alikuwa amekaa nje na wanaume wenzake, anasubiri ugali." Akavuta kigoda changu kwa mguu, pamoja na mimi juu yake. "Sogea huku, mayu. Moshi unakufuata."